Mkono juu ya glasi ya Balagizi

...akaisukuma glasi yake hadi mbele yangu, taratibu, kwa vidole viwili, kama mtu anayemsogezea jirani chumvi, akasema, "Prof, uniangalilie vere, niko narudi," halafu Balagizi akasimama, akashika kiuno, akapenya kati ya viti vya plastiki kuelekea nyuma, kwenye kile choo kimoja ambacho nganda nzima ya Mama Nabintu, baa hii yote, hukipangia foleni, na hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa mgane tu aliyevaa suti ya misa, mwenye chupa ya Fanta mbele yake, akingoja muda wa adabu upite ili aage, na sasa mbele yangu ipo bia ya mtu, imefika nusu, povu limeshuka, ukingoni pana alama ya midomo yake, na mkono wangu wa kulia, sijui nani aliuamuru, umekwisha kupanda juu ya glasi na kuifunika, kiganja chini, kama nilivyomwona yeye akiifunika glasi ya Domitille, mke wangu, ile mara moja nilipopita hapa kumchukua kwa sababu ya mvua... nilisimama mlangoni, mwavuli ukichuruzika, kiti cha Domitille kilikuwa kitupu, amekwenda huko nyuma, na Balagizi anazungumza na watu wa meza ya pili, anacheka, haitazami hata hiyo glasi, ila kiganja chake kiko juu yake, kimetulia, kama kifuniko kilichotengenezwa kwa chombo hicho na si kingine, na mimi nilirudi nyuma hatua moja, nikaingoja mvua ipungue chini ya bati la jirani, kisha nikaingia kana kwamba ndiyo kwanza nafika, na Domitille akasema, "Ah, Papa, umekuja na mwavuli," akafurahi, akaufungua humo humo ndani, wote wakapiga kelele kwamba mwavuli haufunguliwi ndani ya nyumba.

Najua maana yake, hata mimi nisiyekunywa. Chupa hapa haifunguliwi jikoni, Joviale, mwenye kuhudumia, anakuletea ikiwa imefungwa, unaigusa, unakitazama kizibo, unaitikia, ndipo anaifungua mbele ya macho yako, unatia bia kidogo ndani ya glasi, unaisuuza, unamwaga chini, ndipo unakunywa, na ukiinuka, hata kwa kumsalimu mtu pale barabarani, ama uimalize ama umwachie mtu, na mtu huyo si yeyote, unaweza kuwa na ndugu mezani na usimwachie hata mmoja, kwa maana sumu, ile wanayoiita karuho, inasemekana hukaa chini ya ukucha, hudondoka mara moja tu, na aliyeinywa hajui kitu hadi miezi ipite, akonde, akohoe, afe, na mimi nimefundisha kemia maisha yangu yote, nimesimama mbele ya ubao nikasema, hakuna kitu cha namna hiyo kinachokaa chini ya ukucha na kungoja miezi, kileteni tukipime, na wanafunzi wamecheka, wameandika nilichosema, na walipokuwa watu wazima nimewakuta kwenye manganda ya mji huu wakiwa na viganja juu ya glasi zao... "Eh! Balagizi ameacha vere!" ni Munguakonkwa, muuza maharage, mwenye sauti ya kuuzia maharage, anasema kutoka meza ya pili, hasemi na mimi, anasema na nganda nzima, "Ni kibofu hiyo, batu ya Mungu! Kibofu ya Balagizi ikona horaire, ikona saa yake, kama boti ya Bukavu!" na wanacheka, ila wanacheka kidogo kuliko kichekesho kinavyostahili, na Joviale amesimama karibu yangu na sinia la mishikaki, anautazama mgongo wa mkono wangu, naona macho yake yanatoka kwenye mkono kwenda usoni na kurudi, anasema kwa sauti ya chini, "Papa Prof, ni weye amekuachia?" na mimi nasema ndiyo, ni mimi, na yeye anasema, "Haachiaka mutu. Tangu Mama Domi alituacha, anamalizaka yote kwanza, ama anavumilia tu mpaka nyumbani," na anaondoka na mishikaki yake, na moshi wa mbuzi unabaki mahali alipokuwa.

Tangu Mama Domi alituacha. Alituacha, sisi, sisi ni akina nani? Aliniacha mimi. Nilikuwa nimeshika mguu wake, maana mkono ulikuwa na sindano, na mdomo wake umekwenda upande wa kushoto, na nilitazama kifua hadi kilipoacha, hakuna mtu wa nganda aliyekuwepo hapo, lakini asubuhi ya leo, kwenye misa ya kuondoa kilio, wamekuja wameshona kitenge kimoja, wanawake kwa wanaume, wamejaza mabenchi ya mbele kuliko ukoo, kitenge cha njano, na nilipomwuliza Mama Nabintu kwa nini njano alinishangaa, akanigusa bega, akasema, "Si njo rangi yake, Papa Prof," na mimi nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake, lakini sikujua, katika kabati letu hamna njano, zimo kijani na kahawia na ile bluu ya kwaya, na nilikaa misa nzima nikiufuatisha ukuta wa kumbukumbu nikitafuta njano, nikapata bakuli moja, nikapata ndizi. Wapi alikuwa anaipendea hiyo rangi? Hapa. Aliwaambia hapa. Alitoka kazini, pale sekretarieti ya shule ya parokia, akasema kwa simu, "Napita kidogo," na kidogo hiyo ilikuwa na rangi ndani yake, na nyimbo, na Kimashi, hasa Kimashi, kwa sababu yeye ni wa upande wa Bukavu kama Balagizi, kama Nabintu, kama Munguakonkwa huyu, na mimi ni mtu wa Kalengera, nimeishi na mwanamke wa Kimashi hadi nywele zikageuka nikabaki na salamu na majina ya vyakula, na nyumbani tulizungumza Kiswahili na Kifaransa, lugha za heshima, lugha ambazo mtu huzisema akiwa amekaa vizuri, na kumbe kuna Domitille mwingine aliyekuwa akisema upesi, akikatiza watu maneno, akianza kucheka kabla hajafika mwisho wa hadithi, naye Balagizi akicheka pamoja naye papo hapo, maana alikwisha kujua mwisho wake, na mimi, siku ya mwavuli, nilicheka baada yao, kwa adabu, kama mtu anayesimama kanisani kwa kuwa wengine wamesimama.

Sisemi kwamba walikuwa na jambo. Hilo nimelipima, nimelipima kama ninavyopima chumvi, nikaona mizani haisogei, yeye alirudi nyumbani kabla ya giza, akinuka moshi wa mishikaki na bia moja, akakaa kitini, akavua viatu, akanipa mtaa wote, nani amepangisha, nani amefukuzwa, mabomba yatatoa maji lini, familia ipi imeshuka kutoka kaskazini na watoto na haina godoro, na godoro lilipatikana hapa hapa, kati ya chupa mbili, lisilopatikana kwenye kamati yoyote, mmoja akisema ninalo, wa pili akisema nina pikipiki ya kulibeba, niliyasikia haya nikasema ni mema, nilikuwa mume mwenye akili pana, wenzangu shuleni walisema, "Prof, unamwacha bibi kwenye nganda?" nami nikawajibu kwamba nganda ni baraza la mtaa, ni hapa watu wanapohesabiana nani yupo na nani hayupo, na nilijipenda nilipokuwa nalisema hilo, halafu nikafika nyumbani nikasahihisha mitihani na sikio langu liko kwenye geti. Hata zile siku za masasi, ile Januari mji ulipochukuliwa, zilimkuta hapa, alikuwa amepita kidogo, na barabara ikafungwa kwa risasi, wakalala ndani ya depo ya Nabintu, nyuma ya makreti, kwa kuwa kuta zake ni za mawe ya volkano, nene, na mimi nililala chini ya meza peke yangu, simu hazipiti, nikawa nayasema majina ya elementi kwa mpangilio wake ili nisifikirie, na alipokuja, vumbi kichwani, kiatu kimoja kimekatika, alisema, "Tulisali rozari, halafu tukakunywa bia ya moto, halafu tukasali tena," akacheka hadi akalia, na mimi nilimkumbatia, kweli nilimkumbatia, kisha nikamwuliza ni nani na nani waliokuwepo, na akawataja, na jina la Balagizi lilikuja la pili kutoka mwisho, na nililiona mahali lilipokaa, nikajiuliza kwa nini hapo, kwa nini si la kwanza na kwa nini si la mwisho, mtu aliyetoka kwenye masasi na mimi nahesabu nafasi ya jina.

Nzi ametua juu ya kidole changu, anatembea kuelekea kwenye ukingo, simfukuzi, nikimfukuza mkono utainuka. Foleni ya choo ina watu bado, naona kisogo cha Balagizi kupitia mlango wa nyuma, shingo ya fundi wa saa, imeinama mbele hata akiwa amesimama, hatazami huku, hageuki hata mara moja, na hilo linaniudhi kuliko lolote, kwamba hageuki, kwamba amelipa jambo hili uzito ule ule wa siku zile, kana kwamba mkono ulio juu ya glasi yake ni mkono ule uliokuwa ukikaa hapo, maana bila shaka na yeye alimwachia, sikulifikiria hilo hadi sasa, siku ile ya mvua niliona upande mmoja tu, lakini yeye ana kisukari, anainuka mara nyingi kuliko mtu yeyote hapa, kwa hiyo jioni nzima ilikuwa mkono wa Domitille juu ya glasi yake, mkono ule mdogo, wenye pete yangu, kiganja kimelowa ubaridi, unaihifadhi bia ya mwanamume mwingine huku mdomo unazungumza na wengine, na mimi, mume, katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia, Papa, niangalilie kikombe, hakuwahi, si harusini, si kwenye kilio cha baba yake, si nyumbani, hakuwahi kuniomba hata mara moja, alimwomba fundi wa saa.

"Shemeji!" Huyo ni Cirimwami, ndugu wa Domitille, amekaa mlangoni, ndani lakini upande wa barabara, hajagusa chochote tangu tuingie, chupa yake ya maji ameitoa mfukoni mwake mwenyewe, imefungwa, ameileta kutoka Bukavu. "Shemeji, kuya huku kidogo, nikuambie neno." Sauti ni ya upole. Nilijua ataita. Tangu Balagizi aliposukuma glasi nilijua kuna mtu ataita, na ni yeye, kwa kuwa ni yeye aliyesimama siku ya maziko, udongo mweusi bado kwenye viatu, akauliza mbele ya watu wote, "Nani alikuwa analindaka vere yake?" na macho yalikwenda kwa Balagizi, hata macho yasiyotaka yalikwenda, na mimi nikasema, shemeji, ilikuwa presha, mshipa ulipasuka kichwani, daktari alinionyesha picha, nilimweleza kama ninavyoeleza darasani, damu, mgandamizo, ukuta wa mshipa, na yeye aliningoja nimalize, akasema, "Weye ni mutu ya masomo, Prof. Unaaminia makaratasi," akanihurumia, na tangu siku ile hakuna aliyemshitaki Balagizi kwa neno lolote, hakuna, ila watu wamehama meza yake, Munguakonkwa anamtania lakini kutoka meza ya pili, saa zinazopelekwa kwake kutengenezwa zimepungua, anasema Joviale, na leo nilipoingia hapa kila kiti kilikuwa na mtu isipokuwa hiki, karibu naye, ndiyo maana nimekaa hapa, si kwa wema, ni kwa sababu suti inabana na nilihitaji kiti.

"Prof. Acha hiyo bia ya wenyewe, kuya."

Hiyo ndiyo yote inayotakiwa. Sitasema uongo, sitasema lolote, nitainua mkono, nitasimama, nitafunga kifungo cha koti, nitakwenda kumsikiliza shemeji yangu kama inavyompasa mtu aliyeoa kwao, nani atanilaumu, na glasi itabaki wazi juu ya meza katikati ya watu wote, Balagizi atarudi, ataikuta wazi, na kiti changu kitupu, hatauliza, ataishika, ataipeleka mlangoni, ataimwaga, na nganda nzima itatazama bia ikiingia kati ya mawe, na kabla haijakauka neno litakuwa limefika kambini Katindo na kushuka hadi sokoni, mume mwenyewe amekataa, mume mwenyewe, mtu wa kemia, anajua, na sitahitaji kufanya kitu kingine, nimeona inavyokwenda, yule mama mzee wa Munigi aliyesemwa na jirani zake kwamba ana karuho, paa lake lilibebwa bati moja moja mchana, na watu walikuwa wakisaidiana kubeba, wakipokezana kwa adabu, yeye amekaa ndani ya nyumba isiyo na paa ameshika sufuria. Naliona bati la Balagizi. Analo moja, lile la kibanda chake karibu na kambi, limechorwa saa, duara na mishale. Na sipendi ninachokiona, lakini wacha niwe sahihi, nakitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika, kwa maana nikikitazama, kile kiganja kilichotulia siku ya mvua hakitulii tena, na kicheko cha Kimashi kinakatika, na atakuwa amebaki mmoja tu mwenye Domitille, mimi.

Mkono unaanza kupata baridi. Glasi inatoa jasho, maji yanapita kati ya vidole, ni kawaida, ni mvuke wa hewani unaogeuka maji juu ya kitu baridi, ningeweza kulieleza hilo kwa daraja lolote... Kule kwetu Kalengera hatukufunika kwa mkono, anayekupa kinywaji alionja kwanza, baba yangu alivuta pombe ya ndizi kwa mrija wake, akameza, akangoja kidogo mgeni amwone akiwa hai, ndipo akampa, na siku niliyompeleka Domitille kwa mara ya kwanza, binti wa Bukavu aliyelelewa kwa hofu hii hii, mama yangu alionja, akampa kibuyu, na Domitille hakukipokea mara moja, alinitazama, aliniuliza kwa macho tu, ninywe? na mimi nikapepesa macho, kunywa, na akanywa hadi mama akasema huyu ana kiu, na hiyo ilikuwa mara ya mwisho kuniuliza. Baada ya hapo hakuuliza tena. Nyumbani kwetu... nyumbani kwetu alimimina chai asubuhi, kikombe kile cha bati chenye ua lililofutika, akatoka nacho, akakiweka juu ya ukuta wa mawe, akaanza kuanika nguo, akakumbuka sungura, akaenda kwa sungura, akaitwa na jirani, akatoka hadi barabarani, na kikombe kiko pale, wazi, juu ya ukuta, upande wa njia, watu wanapita, watoto wanapita, upepo unaleta vumbi la mlima, na mimi nilitoka na kisahani nikakifunika, nilikuwa na sababu zangu, majivu ya volkano yana fluori, nilimweleza, na yeye aliporudi alikiondoa kisahani, akasema, "Papa, acha chai ipumue," akainywa baridi, pamoja na chochote kilichokuwamo, amesimama, bila kutazama ndani, na iliniudhi, kila asubuhi iliniudhi, mwanamke mzima anakunywa chai ya baridi yenye vumbi, nilisema chai ya moto inachukua dakika mbili, na nilikuwa nikikifunika kila mara, na yeye akifunua kila mara, na hatukuwahi kugombana kwa hilo, lilikuwa jambo dogo.

Bila kutazama ndani. Mwanamke huyo huyo. Hapa alikitazama kizibo, alisuuza glasi, alimwaga chini, aliinuka akiwa amemwachia mtu, na mtu huyo alimchagua kama unavyochagua mlango wa kujificha siku ya risasi, na kwetu alikiacha kikombe njiani. Hakuwahi kuniomba nimwangalilie. Nimelisema neno hili sasa hivi, dakika hizi hizi, nikalisema kama mtu aliyeibiwa, hakuwahi kuniomba, na ni neno lile lile, sijaongeza wala kupunguza, lakini kimiminika kimebadilika rangi mkononi mwangu... kiganja kinahitajika mahali ambapo kuna hofu. Hapa palikuwa na hofu. Balagizi alikuwa mkono wake katikati ya hofu, na nashukuru, hapana, bado sijafika kwenye kushukuru, nisijipendeze, kile kicheko bado ni chao na ile njano bado sikuijua, wivu uko hapa, umekaa, lakini haujui tena unadai nini. Alikuwa na watu wa kumlinda hapa. Nyumbani hakuwa na mlinzi, alikuwa na mimi, na kisahani changu.

Na Balagizi, ambaye tangu msiba hajaacha glasi kwa mtu, ameiacha hii. Hakuiacha kwa sababu kibofu kimemlemea, ameshajifunza kuvumilia mpaka nyumbani. Aliisukuma kwa vidole viwili akijua mlangoni amekaa nani. Hageuki kwa kuwa akigeuka itakuwa ni kuomba. Naye alikuwa na mtu mmoja wa kumwekea mkono, na mtu huyo amekufa, na watu wanasema ni yeye aliyemwua, na sina hakika kama kuna mwingine hapa aliyepoteza alichopoteza huyu, nimekaa mchana kutwa nikidhani nimekaa karibu na mwizi.

"Prof! Unanisikia?" Cirimwami amesimama sasa, ana mkono mmoja juu ya fremu ya mlango, Munguakonkwa ameacha kutafuna, Mama Nabintu amekuja hadi kwenye kizingiti cha jiko na kitambaa chake, kitenge cha njano kina madoa ya mafuta, hakuna anayecheka, na nasikia sauti yangu ikitoka, si kubwa, ile ya darasani, inayofika benchi la nyuma bila kupandishwa, "Ngoja, shemeji. Nimeachiwa vere." Halafu Nabintu, kwa Kimashi, anasema kitu kifupi, na mtu fulani anapumua kupitia puani, nusu kicheko, sikielewi, na sitaki kutafsiriwa. Cirimwami ananitazama, anaitazama chupa yake ya maji, anakaa tena, hajaridhika, hataridhika, kesho atapanda boti na maneno yake yale yale. Joviale anapita na sinia tupu, na akipita anaisogeza Fanta yangu, niliyokuwa nimeisahau wazi muda wote huu, inchi chache, chini ya mkono wangu wa kushoto. Nzi amerudi. Foleni imesogea mtu mmoja. Kisogo cha Balagizi kiko pale pale, kimeinama, hakijageuka, na glasi iko nusu, na mkono wangu uko juu yake, umelowa, umeanza kufa ganzi, na nauacha.

Asubuhi yake nilichemsha chai, nikaimimina kwenye kikombe cha bati, nikakiweka juu ya ukuta wa mawe, upande wa njia, bila kisahani, nikawapa sungura majani, nikafagia uwanja hadi getini, nikamsalimu jirani, nikazungumza naye hadi alipochoka, na niliporudi chai ilikuwa imepoa, na chembe nyeusi ilikuwa ikielea juu yake, nikainywa yote nikiwa nimesimama, bila kutazama ndani.